Juu ya Kuchagua Lugha ya Kigeni

Kila mwaka, wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wakiisha kuzoea njia za shule na majina ya walimu, huja siku ya kuandika katika karatasi masomo watakayoyachagua. Miongoni mwa masomo hayo zimo lugha za kigeni. Katika sekondari zetu za Tanzania lugha hizo kwa kawaida ni Kifaransa, Kiarabu na Kichina, ijapokuwa si kila shule yenye walimu wa zote tatu. Kiingereza hakimo katika hesabu hii, maana hicho hatukichagui. Ndicho tunachofundishiwa masomo mengine, tupende tusipende.

Basi siku hiyo ikikaribia huanza maulizano mabwenini. Mmoja asema atachukua Kichina kwa sababu Wachina ni wengi duniani. Wa pili asema Kifaransa, kwa kuwa chasikika vizuri masikioni. Wa tatu asema Kiarabu, maana alisoma chuoni tangu utotoni na herufi azijua. Wa nne angoja kwanza aone rafiki yake ameandika nini. Katika majibu hayo manne liko moja tu lenye msingi, nalo ni la yule wa tatu, ingawa pengine mwenyewe hajui kwa nini. Makala haya yanajaribu kueleza sababu yake, ili na wale wengine watatu wapate msingi wao.

Na tuanze kwa hesabu. Tuseme lugha yapewa vipindi 3 kwa wiki, kila kipindi dakika 40. Hizo ni saa 2. Tuseme tena kwamba mwaka una wiki 36 za masomo barabara, ukiisha kutoa likizo na siku za mitihani. Kwa mwaka mmoja utapata saa 72, na kwa miaka minne saa 288. Hizo ndizo saa zote ambazo shule yaweza kukupa, na hapo ni kama mwalimu hataugua hata siku moja, wala wewe hutatumwa kuchota maji wakati wa kipindi.

Sasa tazama upande wa pili. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina chuo chake cha kuwafundisha lugha watumishi wanaopelekwa katika balozi. Chuo hicho kimefundisha watu wazima kwa miaka mingi, nacho kimeandika muda unaohitajiwa hata mtu aweze kufanya kazi yake kwa lugha ya kigeni. Kwa Kifaransa ni kama saa 750 za darasani. Kwa Kiswahili chetu ni kama saa 900. Kwa Kiarabu na Kichina ni kama saa 2,200.

Mwanafunzi mwepesi wa hesabu amekwisha ona shida ilipo. Toa 288 katika 750: zabaki saa 462. Toa 288 katika 2,200: zabaki 1,912. Ukizigawanya saa hizo kwa siku zote za miaka minne, Jumapili na sikukuu zikiwamo, Kifaransa chataka dakika 19 kila siku nje ya darasa, na Kichina chataka saa moja na dakika 19. Ni kweli kwamba mtihani wa Kidato cha Nne hautaki ujuzi wa balozi. Lakini hakuna mzazi anayemlipia mtoto sare na madaftari ili baada ya miaka minne aweze kusema "Habari za asubuhi" na "Jina langu ni fulani" tu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya mengine yote ni hili: saa zilizobaki nitazipata wapi? Lugha inayoweza kukupa saa hizo, kwa mtu wa kusema naye, kwa redio, kwa kitabu, kwa kazi ya mjomba wako bandarini, hiyo itakukaa. Lugha isiyo na mahali pa kuzipata itakufa siku unayokabidhi karatasi ya mtihani, hata kama ni lugha ya watu milioni elfu. Wako wanafunzi waliopata alama nzuri sana katika lugha na miaka miwili baadaye hawawezi kuomba maji ya kunywa kwa lugha ileile. Akili zao hazina kasoro. Walikosa pa kuitumia.

Walakini jedwali lile la Wamarekani lina upungufu mmoja kwetu: limetungwa kwa ajili ya mtu ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kiingereza. Kwake Kifaransa ni jirani, na Kiarabu ni mgeni kutoka mbali. Sisi nyumba yetu imejengwa kiwanja kingine. Mtoto aliyekua na Kiswahili ana mali ambayo hajapata kuihesabu, na kabla ya kuchagua yampasa aihesabu, maana mali hiyo yaweza kumpunguzia saa.

Tuanze na Kiarabu, ambako mali yetu ni nyingi zaidi. Chukua maneno haya manne: hukumu, hakimu, hekima, mahakama. Yatazame vizuri. Katika kila moja zimo konsonanti tatu, H, K na M, kwa mpango uleule. Chukua tena kitabu, katibu na maktaba: zimo K, T na B. Chukua darasa na madrasa: zimo D, R na S. Hivyo ndivyo Mwarabu anavyojenga maneno yake. Ana mzizi wa konsonanti tatu, kisha hubadili irabu zilizo katikati na kuongeza silabi mbele au nyuma, na kila mabadiliko yana maana yake. Mzizi K-T-B una habari ya kuandika. Katibu ni mwenye kuandika, kitabu ni kilichoandikwa, maktaba ni mahali pake.

Tazama tena maktaba, mahakama na madrasa. Yote matatu yaanza kwa ma-, na yote ni mahali: pa vitabu, pa hukumu, pa kusomea. Ongeza matbaa, mahali pa kupiga chapa vitabu na magazeti, utaona kanuni ni ileile. Mwanafunzi wa Uingereza hufundishwa kanuni hiyo kama kitu kipya kabisa, akaikariri kwa taabu. Wewe umekuwa ukiitumia tangu ulipojua kusema, ila hakuna aliyekuonyesha. Vivyo hivyo hesabu: sita, saba na tisa, kisha ishirini mpaka tisini, mia na elfu, yote yametoka huko. Na katika kitenzi cha Kiarabu cha wakati uliopo, mtendaji hujulikana mwanzoni mwa neno, kama kwetu: aktubu ni "naandika", naktubu ni "twaandika", yaktubu ni "yeye aandika", akiwa mwanamume. Akiwa mwanamke husemwa taktubu, na hapo ndipo Mswahili huanza kukuna kichwa, kwa kuwa kwetu "anaandika" haiulizi kama ni baba au mama.

Lakini mali hii ina mitego. Neno likiisha kuhamia kwetu limekuwa raia wa kwetu, na desturi zake zimebadilika. Mababu waliposikia neno kitabu waliifanya ile ki- kuwa sawa na ki- ya kiti na kisu, wakaunda wingi: vitabu. Mwarabu ukimwambia "vitabu" hakuelewi. Yeye husema kutub. Tena sisi husema "tafadhali" tukiomba kitu. Mwarabu husema tafadhal anapokupa kitu au anapokukaribisha: chukua, pita, keti. Akiomba husema min fadlik. Basi Mswahili akisimama dukani Muscat na kumwambia mwenye duka "tafadhali", kwa kweli ni kama yeye ndiye anayemkaribisha mwenye duka. Sauti nazo zataka kazi. Th, dh na gh tunazo tayari, lakini iko ayn inayotoka kooni, ziko h mbili, iko qaf, na ziko s, d, t na dh nzito ambazo hatunazo.

Juu ya saa za nje ya darasa, aliyesoma chuoni anazo nyingi, maana herufi na matamshi amekwisha kuyafanyia kazi kwa miaka. Ila asijidanganye: kusoma herufi si kufahamu maneno, na wengi husoma vizuri bila kujua maana. Asiyekuwa Mwislamu naye asidhani kwamba mlango huu si wake. Kiarabu ni lugha ya Wakristo wengi pia huko Misri, Lebanon na Syria, nao husali kwa lugha hiyo. Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba Kiarabu cha kuandika ni kimoja kutoka Morocco mpaka Oman, lakini cha kusema nyumbani ni vingi. Shuleni hufundishwa kile cha kuandika. Wenye jamaa huko Oman, na katika Unguja na Pemba wako wengi, wasitumaini sana kwamba jamaa hao watawafundisha. Mara nyingi wakipiga simu husema Kiswahili tangu salamu mpaka kwaheri.

Faida moja ya Kiarabu husahauliwa na watu wengi. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya hizi za Kirumi. Hati ya Utendi wa Tambuka, kwa mfano, ni ya mwaka 1728. Mwenye kuzijua herufi hizo, akizizoea, aweza kuzisoma hati za namna hiyo mwenyewe, wakati sisi wengine twangoja mtu atuandikie upya. Kwa kujifunza lugha ya wageni atakuwa amefungua sanduku la babu yake.

Sasa Kifaransa. Watu wakikitaja, macho yao huenda Paris. Yafaa yaende Kigoma. Katika bandari ile hupakiwa mizigo ya Bujumbura na Kalemie, na magari makubwa yanayotoka Dar es Salaam huenda mpaka Lubumbashi. Kongo ndiyo nchi yenye watu wengi kuliko nchi zote duniani zenye Kifaransa kuwa lugha rasmi, hata kuliko Ufaransa yenyewe, nayo ni jirani yetu. Kweli mashariki ya Kongo husemwa Kiswahili, na sokoni Bukavu hutapotea. Lakini hati ya forodha, barua ya serikali, hukumu ya mahakama na kitabu cha shule viko kwa Kifaransa. Mwaka 2021 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali kwamba Kifaransa na Kiswahili viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza, na mwaka uliofuata Kongo ikaingia katika Jumuiya. Tusisahau Visiwa vya Ngazija na wenzake, ambako husemwa lugha iliyo ndugu wa Kiswahili, na pamoja nayo Kifaransa na Kiarabu ni lugha rasmi. Mtu wa huko huchagua zote mbili bila kuona ajabu.

Mali yetu katika Kifaransa imefichwa katika Kiingereza. Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na Kifaransa chao, na maneno yao yakabaki. Table, page, village, nation, question, important: maneno haya huandikwa vilevile katika lugha zote mbili, ijapokuwa hutamkwa mbalimbali. Kwa hiyo kila neno la Kiingereza ulilojifunza kwa jasho laweza kukulipa mara ya pili. Na mwanafunzi wa Kifaransa mara nyingi hustawi katika Kiingereza pia, jambo linalofaa kuambiwa wale wanaoogopa kwamba lugha ya tatu itaiharibu ya pili. Mitego haikosi: librairie si mahali pa kuazima vitabu, ni mahali pa kuvinunua, na lecture ni kusoma, si mhadhara.

Tena tunazo ngeli. Kila jina la Kifaransa ni la kiume au la kike, na sifa yake hulifuata. Meza ni ya kike, kitabu ni cha kiume. Husema une grande table, lakini un grand livre. Mwingereza hulalamika sana juu ya jambo hilo. Sisi tusemao "meza kubwa" na "kitabu kikubwa", na tukiongeza idadi "vitabu vikubwa", tutalalamika nini? Mafungu mawili tu kwetu ni mchezo. Taabu iliyopo ni moja: ngeli zetu mara nyingi huonekana mwanzoni mwa neno, na jinsia ya Kifaransa haionekani. Yakupasa ulikariri jina pamoja na kibandiko chake, la table, le livre, tangu siku ya kwanza. Anayekariri jina peke yake atarudi kulikariri mara ya pili.

Jambo dogo la kuchekesha kidogo: Mfaransa akihesabu sabini husema "sitini na kumi", themanini ni "ishirini nne", na tisini ni "ishirini nne na kumi". Walioko Kongo, Rwanda na Burundi, kwa kuwa walitawaliwa na Wabelgiji, husema septante kwa sabini na nonante kwa tisini, maneno mepesi zaidi. Mwalimu wako atakufundisha ile ya Paris kwa ajili ya mtihani. Ijue na hii kwa ajili ya safari.

Saa za Kifaransa si haba kuzipata. Redio ya Ufaransa, RFI, hutangaza kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Sikiliza kwanza habari za Kiswahili, uzijue, kisha sikiliza habari hizohizo kwa Kifaransa siku ileile. Majina ya watu na ya nchi yatakushika mkono, na baada ya wiki chache utaanza kuona mahali neno moja linapoishia na jingine linapoanzia, jambo ambalo katika Kifaransa si dogo. Dar es Salaam na Arusha iko Alliance Française, yenye masomo. Mikoa ya magharibi wako watu wengi waliotoka Burundi na Kongo, na wengi wao walisoma shule za Kifaransa. Mzee kama huyo akiombwa kwa adabu atafurahi kuulizwa.

Kichina huogopwa kuliko vyote, nacho chastahili kuogopwa kwa jambo moja tu, yaani maandishi yake. Mwaka 1988 serikali ya China ilitoa orodha ya alama zitumiwazo sana: 2,500 za kawaida na 1,000 zinazofuata. Kwa miaka minne hizo 3,500 ni alama 2 au 3 mpya kila siku, bila kusahau za jana. Alama zenyewe si fujo, kama watu wadhanivyo. Ya mti ni kama mti wenye matawi na mizizi. Ukiandika miti miwili pamoja yawa kichaka, mitatu yawa msitu. Tena tangu mwaka 1958 Wachina wana namna yao rasmi ya kuandika matamshi kwa herufi za Kirumi, iitwayo pinyin, na mwanafunzi huanza nayo.

Upande wa sarufi Kichina ni chepesi ajabu. Kitenzi hakibadiliki. Ni kama kusema "mimi jana kwenda, mimi kesho kwenda", na hakuna wa kukucheka. Majina ya vitu hayana umoja na wingi. Lakini huwezi kusema "kitabu kimoja" bila kuweka katikati neno dogo la kuhesabia, nalo hutegemea aina ya kitu: vitabu vina neno lake, ben, vitu vya bapa kama meza na karatasi vina lao, zhang. Mzungu akiyasikia hayo hushangaa. Mswahili aweza kucheka, maana naye hasemi "kitabu moja".

Kisha kuna toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Ma kwa sauti ya juu iliyonyooka ni mama. Kwa sauti inayopanda ni katani. Kwa sauti inayoshuka chini kisha kuinuka ni farasi. Kwa sauti inayoanguka ghafula ni kukaripia. Kiswahili hakina toni, lakini lugha nyingi za nyumbani kwetu zinazo, kama Kihaya, Kichaga na Kisukuma. Mtoto aliyelelewa na bibi yake kwa lugha ya namna hiyo ana sikio lililokwisha fundishwa. Haya ndiyo malipo kwa wale waliochekwa shuleni kwa sababu ya lafudhi ya kwao.

Na saa zake? Wachina walitujengea reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, wakifanya kazi pamoja na watu wetu, na leo wako katika viwanda, barabara na maduka. Wafanyabiashara wa Kariakoo huenda Guangzhou kununua bidhaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Confucius. Redio ya China imetangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1961. Mwenye kuishi karibu na mambo hayo ana mahali pa kuanzia. Lakini anayekaa kijijini mbali, asiye na kitabu wala mtu, ajiulize kwa kweli kama saa moja na dakika 19 kila siku atazipata, maana shuleni simu haziruhusiwi na likizo ni fupi.

Ziko nyingine ambazo hazimo katika karatasi ya kuchagua. Ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji, na Kireno chake kimetuachia meza, leso, bendera, karata na mvinyo. Wanafunzi wa Mtwara na Songea wana sababu kuliko sisi wengine ya kukijua. Na lugha za jirani, kama Kirundi au Kinyarwanda, ni za kigeni pia kwa maana ya mpaka, ingawa kwa mtu wa Kibondo au Ngara ni karibu na lugha ya nyumbani. Hakuna atakayekupa cheti chake. Hiyo si sababu ya kuzidharau.

Neno moja kwa wazazi. Wazazi wengi huuliza, "Lugha ipi italeta kazi?" Swali ni la haki, kwa maana ada na nauli si mchezo. Lakini upepo wa kazi hugeuka upesi kuliko mtoto anavyokua. Rwanda ilisomesha watoto wake kwa Kifaransa kwa muda mrefu, na mwaka 2008 serikali ikaamua kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza. Hakuna mzazi wa Kigali aliyeweza kuyapiga ramli hayo miaka kumi kabla. Tena ni nadra mtu kuajiriwa kwa lugha tupu. Huajiriwa mwuguzi, fundi, karani au mwanasheria ambaye tena ajua lugha. Na kama tumaini ni masomo ya ng'ambo, yafaa kukumbuka kwamba vyuo vingi vya nchi zisizotumia Kiingereza humpa mgeni mwaka wa kwanza wa kujifunza lugha. Ndivyo walivyofanya vijana wetu waliokwenda Moscow katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kilichoanzishwa mwaka 1960. Walifika bila Kirusi, wakarudi wahandisi na madaktari. Kwa hiyo msimlazimishe mtoto aliye na saa za Kiarabu nyumbani achukue Kichina kwa sababu ya tetesi za kazi, wala aliye jirani na Wachina achukue Kifaransa kwa sababu shangazi alikisifu.

Iko na faida isiyolipwa mshahara. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais na kazi zake zote, alitoa kwa Kiswahili tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare iitwayo Julius Caesar, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Alikwenda katika lugha ya watu, akarudi na mzigo kwa ajili ya watu wake. Vitabu vya Wafaransa, Waarabu na Wachina mara nyingi hutufikia kwa kupitia mikono ya Waingereza. Wa kutuletea moja kwa moja wangali wachache mno, na pengine mmoja wao yuko katika Kidato cha Kwanza mwaka huu akisoma ukurasa huu.

Sasa zoezi, na kila anayechagua alifanye kabla ya kuandika chochote katika karatasi. Chukua ukurasa mmoja wa daftari, andika jina la lugha unayoifikiria, na chini yake orodhesha maneno 20 unayodhani unayo tayari, yawe yametoka Kiswahili, Kiingereza au lugha ya nyumbani. Kisha andika jina la mtu mmoja ambaye waweza kusema naye lugha hiyo katika likizo ijayo, ni nani na anakaa wapi. Kama hayuko, andika redio, kitabu au mahali. Mwisho gawanya siku yako ya kawaida, tangu kengele ya asubuhi mpaka taa kuzimwa, uonyeshe dakika 19 zitatoka wapi, au kama ni Kiarabu au Kichina, ile saa moja na zaidi. Anayechagua Kiarabu aweza kupunguza kidogo kwa ajili ya maneno aliyoyakuta nyumbani. Ukiona sehemu ya pili ni tupu, jaribu lugha nyingine katika ukurasa wa pili, ulinganishe. Kurasa hizo ziletwe katika chumba cha walimu wa lugha kabla ya wiki ya mwisho ya muhula, nazo zitarudishwa zikiwa na maneno ya mwalimu pembeni.